Mwalimu Gatete Kabera na Hesabu Iliyobaki Kidogo

Ndugu wapendwa, mimi Kantengwa, mdogo wa marehemu, nimepewa kazi hii ya kusoma maisha yake, nami sina hakika kama naistahili. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kaka yangu alishindwa na hesabu moja, na kwamba kushindwa huko ndiko kulikotufunga Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Nilimhukumu vibaya.

Mwalimu Gatete Kabera alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 huko Minembwe, Kivu ya Kusini, mtoto wa kwanza wa mfugaji Kabera na mama Mukandoli. Alisoma sekondari Uvira, kisha akapata digrii ya hisabati Lubumbashi mwaka 1988. Mwaka 1991 alifunga ndoa na Madeleine mjini Bukavu, alikokuwa akifundisha na kuandika tasnifu ya udaktari.

Tasnifu hiyo, ambayo nyumbani tuliiita "teze", ilihusu milinganyo ya vitu vinavyobadilika, ile ambayo haina jibu kamili. Mtaalamu hutafuta jibu la kukadiria, linaloukaribia ukweli kadiri muda unavyokwenda. Marehemu alishikilia kwamba kukaribia hakutoshi. Lazima mtu aseme kosa lake halizidi kiasi gani.

Novemba 1996 vita vilitutoa kwetu. Alifika Nakivale na mtoto mgongoni na daftari tatu kifuani. Alifundisha shule ya makazi, na alipopata kibali cha kutoka makazini alikwenda Mbarara kutuma kurasa kwa posta, akarudi kabla kibali hakijaisha. Tumaini letu sote lilikuwa hilo: teze ikikamilika, chuo cha nje kingemwita, nasi tungetoka.

Mwaka 2002 afisa mmoja wa kuhamishia wakimbizi nchi za nje alitutangazia, "Mzee, safari yenu iko karibu sana."

Marehemu akauliza, "Karibu namna gani, shefu? Mwezi moja ao miaka kumi?"

"Mwalimu, wewe unasumbua!"

Tulicheka sote, afisa pia. Hakuna aliyesafiri.

Madeleine naye alijifunza swali hilo. "Baba Gisa, teze itaisha siku gani? Batoto bamekuwa bakubwa!"

"Iko karibu kuisha, mama Gisa."

"Karibu namna gani?"

Hapo marehemu aliinamia daftari lake, akaendelea kuandika. Mwaka 2009, nikiwa nimetoka kuhitimu chuo Mbarara na kujiona msomi, nilimwambia mbele ya wanawe kwamba anajificha nyuma ya kalamu. Alinisogezea kikombe. "Dada, kunywa chai, inapoa."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2013. Alifariki hospitalini Mbarara tarehe 17 Juni 2015, saa nne asubuhi, Madeleine akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Madeleine, watoto wawili, Gisa na Benitha, mjukuu mmoja, mama yetu Mukandoli, na mimi. Mungu ampumzishe mahali pasipohitaji kibali.

Juzi, nilipokuwa nikitafuta kitambulisho chake sandukuni, nilikuta teze nzima, imekamilika tarehe 14 Aprili 2004. Chini yake palikuwa na barua ya chuo kikuu kimoja cha Ulaya, ya Septemba mwaka huo. Kilimwalika yeye peke yake, bila mke wala watoto, naye hakutuambia. Daftari zote zilizofuata, hadi wiki aliyolazwa, ni nakala ya uthibitisho uleule wa teze, neno kwa neno.