Mwaridi wa Mama Nurto

Benchi letu lilikuwa ubao wa lori uliolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda cha kahawa, kando ya barabara ya Marsabit. Ilikuwa Novemba, mwaka wa sabini na tisa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili, vumbi la Isiolo lilikuwa limelala, na jua lilikuwa linateremka. Mahamud, dereva tuliyemwita Gia Moja kwa sababu hakuharakisha jambo lolote, alifungua kipande cha gazeti. Ndani mlikuwa na majani manne ya mwaridi, manjano, yenye madoa meusi. Mwaridi wa mama yake, Nurto, ulikuwa unapukutika, na mama mwenyewe alikuwa ameanza kukataa chakula.

— Hiyo ni upele, akasema Dualeh, ambaye aliwahi kumtibu ngamia mmoja akapona, tangu hapo tukamwita Daktari. Mtenge, halafu umpake dawa ya josho.

— Nimtenge vipi? Ana mizizi, Daktari.

— Basi tenga wale wengine.

— Hakuna wengine. Ni huo mmoja tu.

— Sasa ameambukizwa na nani?

Ekeno, mlinzi wa ghala la mahindi, akacheka ndani ya kikombe.

— Daktari ameshindwa na mgonjwa asiyetembea. Mimi nasema ni moshi. Gia Moja anaegesha lori pale dirishani. Sisi tunakohoa, maua inatoa madoa.

— Lori ilikuwa Moyale wiki tatu.

— Basi inaumwa kwa kulikosa lori.

— Ngoja, akasema Dualeh. Hiyo maua ilitoka wapi?

— Nanyuki. Mzee aliileta ndani ya mkebe alipotoka jeshini.

— Umeona? Imekosa baridi ya kwao. Ipakie, ipeleke Nanyuki isalimie jamaa zake, halafu uirudishe.

— Na ikikataa kurudi? akauliza Ekeno.

Mahamud hakucheka. Alikuwa anayakunja majani taratibu, kama mtu anayekunja barua.

— Nyinyi mnacheza. Mzee ametuacha miaka mitatu sasa. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Mama hajaona alipolazwa mumewe. Anaongea na huo mwaridi.

Hapo ndipo alipofika Gladys, aliyehamishiwa ofisi ya kilimo mwezi ule kutoka Meru. Alikuwa amekuja kununua kahawa tu.

— Habari zenu. Hebu nione hayo majani, kaka.

Akayageuza kwenye mwanga.

— Huu ni ugonjwa wa kuvu. Yakianguka mnayaokota?

— Tunayaacha tu, dada.

— Yaokoteni, myachome. Ugonjwa unakaa humo. Na matawi, nani anayapunguza?

— Aliyapunguza mzee. Tangu afe, mama hataki mtu aguse.

— Basi yamesongamana, upepo haupiti. Kateni machache ya katikati. Maji je? Mnamwagilia wapi?

Mahamud akafikiri kidogo.

— Mama humwagilia. Kila magharibi akimaliza kutawadha, maji yanayobaki kwenye birika anayamwaga juu yake. Polepole, kuanzia juu kabisa, huku akimwombea mzee.

— Majani yanalala na maji, akasema Gladys kwa upole. Wakati wa mvua kama huu, kuvu haitaki kingine. Amwagilie chini, kwenye shina. Asubuhi.

— Sasa si ni rahisi? akasema Dualeh. Mwambie.

— Nimwambie nini, Daktari? Kwamba mkono wake ndio unaoua huo mwaridi?

Dualeh akarudi kwenye kahawa yake.

Gladys alitutazama mmoja mmoja. Hakuwa na dhihaka usoni.

— Basi nani atamwambia?

Ekeno akachungulia kikombe chake. Mimi nikatazama barabara. Adhana ya magharibi ikaanza kusikika, na sote tukajua kwamba nyumbani kwa Nurto birika lilikuwa linainuliwa. Mahamud akasimama, akatia majani mfukoni, akaondoka haraka kuliko tulivyowahi kumwona akitembea. Hatukujua kama alikuwa anaelekea msikitini au nyumbani.