Moshi Ndio Uliomchukua Ambrose Wabwire

Siku hiyo, Jumamosi tarehe 26 Aprili 2025, katika ploti ya vyumba vya kupanga ya Mzee Gerishon Kagiri kule Kawangware, walikuwepo Mzee Kagiri mwenyewe, mkewe Mama Wangoi, Njambi ambaye chumba chake kinapakana na chumba cha jenereta, Rahab muuguzi wa kliniki iliyo hapo chini, na kaka yangu Ambrose Wabwire, ambaye leo amelala mbele yenu. Nimeanza na majina hayo kwa sababu wengine wote waliosimulia kifo hiki wiki nzima, hapa Gatwekera na kule Kawangware, hawakuwepo.

Mimi naitwa Bridgit, ni kitinda mimba wa nyumba yetu, na kama mnasikia mtoto akilia huko nyuma ni wangu, asante mama uliyempokea bila kuombwa.

Ambrose alizaliwa tarehe 14 Machi 1985 huko Samia, Kaunti ya Busia, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wabwire na Mama Consolata, ambaye anatungoja nyumbani kwa sababu miguu yake haiwezi tena safari. Alisoma shule ya msingi kijijini kwetu, akamaliza darasa la nane mwaka wa 2000, na hakuendelea kwa kuwa baba alikuwa ameanza kuugua, akabaki kulima ili sisi wadogo tuendelee. Hata alipokuja Nairobi mwaka wa 2004 alinitumia yunifomu kila Januari, na kila mara ilikuwa kubwa, akisema kwenye simu ya jirani, "Utakua tu, wewe kula."

Hapa Gatwekera alianza na kazi za mjengo, akitembea kila alfajiri hadi Ayany kubeba mawe, mpaka Fundi Nyamai, ambaye yuko hapa nasi, alipomwona akisimama kila jioni nje ya karakana yake pale Olympic akitazama jenereta zikifunguliwa. Fundi hakumfukuza, alimwambia, "Wewe Mluhya, ukishamaliza kutazama njoo ushike spana," na hivyo ndivyo kaka yangu alivyopata ufundi wake. Mwaka wa 2013 Mzee Kagiri alimwajiri kutunza jenereta ya ploti, ile inayowashwa stima ikipotea, ili kliniki isikae gizani na maji yapande kwenye tangi.

Kila Alhamisi aliiwasha kidogo hata kama stima ipo, apate kusikia kama ni nzima, akaangalia oili, akapangusa vumbi, akawatoa watoto karibu. Petroli ikiisha hakutia nyingine mpaka injini ipoe, isije ikashika moto, na vijana wa ploti walimcheka, "Fundi, unaipuliza kama uji wa mtoto, si uweke tu, mpira umeanza!" naye akawajibu, "Kosa bao moja, usikose uso." Kabla ya kuiwasha alihakikisha kwanza ameshusha ile swichi inayotenganisha ploti na nyaya za barabarani, kwa sababu, alivyokuwa akituambia, kuna mtoto wa mtu amepanda mlingoti huko anatafuta tatizo, na stima yetu ikirudi kwenye waya itamuua. Huyo mtu wa mlingotini hakuwahi kumjua, lakini kila mara alimkumbuka.

Tarehe 10 Desemba 2011 alifunga ndoa na Musimbi, katika kanisa hili hili, na Mungu akawapa Austin mwaka wa 2012 na Mitchelle mwaka wa 2017. Ni kweli alikuwa mlevi, sitamfanya malaika kwa sababu amekufa, na Musimbi anajua alichovumilia, lakini Mitchelle alipozaliwa aliacha, na tangu siku hiyo alikunywa chai tu, chai yenye sukari ya kutisha.

Sasa nimefika mahali pa ugonjwa. Kwenye karatasi niliyopewa jana na wazee pameandikwa kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, akafariki. Ndivyo historia za marehemu wetu zinavyosomwa, na najua ni heshima, lakini sitasoma hivyo, kwa sababu kaka yangu hakuugua hata dakika moja, na mahali palipoachwa wazi hapo katikati ndipo watu wanapomwaga yale maneno yao, eti alilewa, eti alijifungia katika chumba cha jenereta akalala. Mzee Kagiri, umetupa basi la kutufikisha Samia, na tumekushukuru na tunakushukuru tena, lakini mdomo wangu hauko ndani ya basi.

Jenereta ilikaa uani miaka yote. Mwaka jana wezi walichukua betri yake, jenereta ikajengewa chumba cha mawe chenye dirisha dogo na mlango wa chuma, na Ambrose akakubali kwa sharti moja, kwamba moshi utolewe nje kwa bomba. Bomba likawekwa, likatia masizi kwenye ukuta wa jirani, jirani akapiga kelele, likakatwa. Ambrose alienda kwa Mzee akamwambia, mbele ya Mama Wangoi, "Mzee, humu ndani itakuja kuua mtu, irudishe nje," akajibiwa, "Ngoja kwanza, tutaona." Akiwa anangoja alijiwekea sheria, kwamba isiwake kabla mlango na dirisha havijafunguliwa wazi, na mtu asikae humo.

Jumamosi hiyo stima ilipotea mchana, na Rahab alikuwa na mama anayejifungua, kwa hivyo Ambrose aliwasha, akaacha kila kitu wazi, akapanda juu kuangalia tangi. Mvua ikaanza. Sisi sote tumeishi kwenye ploti, tunajua mvua ikija na jirani hayupo unamwanulia nguo, hungoji kuombwa, na Njambi alipoona mvua inapiga ndani alifanya hivyo hivyo, akaegemeza bati dirishani, akavuta mlango, ili mashine ya fundi isilowe. Ambrose aliposhuka alisikia injini inakohoa, akafungua, akaingia kuizima. Rahab ndiye aliyemkuta sakafuni, akamtoa mvuani kwa mikono yake, akampulizia pumzi, na injini ilikuwa imezimwa. Mlevi aliyelala hazimi mashine. Alifariki hospitalini Jumapili asubuhi, tarehe 27 Aprili, na daktari alituambia mimi na Musimbi bila kuzunguka kwamba ni sumu iliyo ndani ya moshi wa injini, haionekani wala hainuki, na pumzi chache zinatosha mahali palipofungwa.

Njambi, najua uko nje karibu na lango, kwa sababu tangu siku hiyo umekataa kuingia mahali tulipo. Ingia ukae na Musimbi, yeye ndiye aliyenituma niseme. Ulifunika mashine yake kwa wema, na hakuna mtu wa ukoo wetu atakayeligeuza hilo kuwa kosa lako nikiwa hai. Jenereta haikai ndani ya nyumba, ndilo kosa, na mlio na jenereta leo, kwenye maduka, kwenye saluni, kwenye makanisa, mmesikia.

Tunawashukuru madaktari waliotuambia ukweli, Rahab aliyemtoa Ambrose kisha akarudi ndani akamzalisha yule mama salama, majirani wa Gatwekera waliotupikia, Fundi Nyamai na mafundi wa Olympic waliofunga karakana ili wabebe jeneza.

Kaka, kazi umeifanya vizuri, lala salama.

Jumatatu asubuhi, baada ya ibada hiyo, wapangaji wa ploti ya Kawangware waliitoa jenereta chumbani wakaipeleka uani. Ilikuwa nzito, na Mzee Kagiri alishika upande mmoja.