Baka Kwenye Karatasi ya Dawa

Ndani ya basi la mjini Buffalo, Marekani, Halina aliishika karatasi ya daktari kwa ncha za vidole. Mchana aliiacha juu ya mashine ya kufulia. Tone la dawa ya kung'arishia nguo likaangukia palepale penye idadi ya vidonge vya kutuliza maumivu, na karatasi ikatoa baka la kahawia.

"Umejaribu kufuta, mama," akasema mzee wa kofia ya sufu aliyeketi pembeni, ambaye hakuna aliyemwomba maoni.

"Sijafuta kitu. Nilikuwa nafua shuka za mume wangu."

"Karatasi hizo zimetengenezwa hivyo makusudi. Ukizigusa na dawa ya kufuta wino, zinakuchongea. Mkwe wangu alijifanya mjanja, akaongeza sifuri. Mfamasia akamwambia asubiri kidogo, kumbe anaita polisi."

"Mimi nafanana na mkweo?"

"Yeye alikuwa na uso wa upole kuliko wako."

Siku nyingine Halina angecheka. Leo ni Ijumaa jioni, daktari ameshafunga, na mumewe Stefan yuko kitandani na saratani ya mifupa, anauma mto ili majirani wasimsikie.

"Rudi nyumbani," mzee akasema, sauti imeshuka. "Jumatatu uandikiwe nyingine."

"Jumatatu ni mbali, mzee."

Basi likasimama mbele ya duka la dawa.

"Basi shuka nami," Halina akasema, "ukawaambie ulivyonisikia."

Mzee akageukia dirishani, akaivuta kofia mpaka masikioni. Halina akashuka peke yake, karatasi ameikunjua, baka likiwa juu.