Ufa Katika Shoka la Eliezeri

Ipogolo, mwaka ule wa sabini na sita, malori ya Zambia yakihema kuupanda mlima wa Iringa, palikuwa na benchi la mbao kando ya barabara, na kila jioni kahawa ikichemka hapakukosa ubishi. Jioni hiyo ubishi ulilala miguuni pa Eliezeri, mpasua kuni. Lilikuwa shoka la marehemu baba yake. Watu walipohamishiwa vijiji vipya, mzee aliacha nyumba, akaacha zizi, akabeba shoka. Mipini Eliezeri alikwisha badilisha mingi; safari hii ufa ulikuwa kwenye chuma chenyewe, pale kwenye tundu unapopita mpini. Kila usiku alililaza ndani ya ndoo ya maji, mti uvimbe, ubane. Asubuhi lilibana. Jua likipanda, lilicheza kama jino bovu.

Aliwaambia wenzake kwamba jana chuma kilichomoka kidogo, na leo shoka limeshinda majini. Hakuwaambia kwamba kilipita sikioni pa Saulo, mwenzake wa kazi, anayesimama mbele yake kumwekea magogo.

Kalinga, waliyemwita Hakimu kwa kupenda kukata mashauri, alipapasa makali kwa kidole gumba. Akasema shoka haliachwi mpaka makali yaishe, na haya bado yangenyoa ndevu.

— Na ufa? Eliezeri aliuliza.

— Ufa siyo makali, bwana. Gonga kabari, rudi kazini.

Edmund, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, alitikisa kichwa. Alidai chuma huchoka kama mtu, kinahitaji mapumziko tu: kizikwe kwenye samadi Kwaresima nzima, kifukuliwe Pasaka, ufa utakuwa umejifunga. Mjomba wake alifanya hivyo. Hakimu akamwuliza kama mjomba naye alifukuliwa Pasaka. Redio hakuyumba, akazidi kwenda mbele: shoka la marehemu linawajua watu, akasema, halimgusi mtu ila yule aliyeachana na marehemu kwa ugomvi.

Hilo Eliezeri alilishika kwa mikono miwili. Baba yake na Saulo hawakugombana hata siku moja. Kahawa ikaanza kumshuka vizuri.

Ndipo alipofika Tekla, mke wa Saulo, ambaye hajawahi kusimama kijiweni hapo.

— Kamwene.

— Kamwene, wakaitikia, wakamsogezea nafasi. Hakukaa.

— Shemeji Eliezeri, Saulo hajanituma. Hajui kama nimekuja.

— Karibu, shemeji.

— Kesho mnaendelea na kazi?

— Tunaendelea.

— Na shoka hilihili?

— Hilihili.

Tekla alilitazama lile shoka.

— Basi niambieni, ninyi mnaolijua. Saulo asimame wapi?

Hakimu aliinamia kikombe chake. Lori lilipita, likaishia konani.

Eliezeri aliliinua shoka, akaliweka magotini. Alitaka tu kumwonyesha shemeji yake jinsi maji yalivyolikaza. Akashika chuma kwa mkono mmoja, mpini kwa mwingine, akavuta, wala hakuvuta kwa nguvu.

Chuma kikabaki mkono huu. Mti mkono huu.