Athanase Mukendi, Fundi wa Mashine Iliyonyweshwa Maji ya Baraka

Leo, Ijumaa tarehe 28 Juni, Papa Athanase Mukendi anaiaga ofisi yetu ya ramani za mgodi hapa Likasi, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Aimée wa sekretarieti, niandike wasifu mfupi wenye furaha. Niliuandika. Mkurugenzi wetu, Papa Ghislain, aliusoma jana, akacheka penye kuchekesha, akaukubali. Huu mnaoushika mikononi, ndani ya programu, si ule. Huu nimeuchapa leo asubuhi nikiwa na hasira, na hasira yenyewe bado ninayo.

Tuanze na furaha, maana ipo. Papa Athanase aliingia kiwandani kama fundi wa karakana, akiziba radieta za malori yaliyorudi kutoka Kambove yakitoa moshi. Karakana ilipofungwa, wakamleta kwetu atunze viyoyozi. Kutoka kwenye viyoyozi akahamia kwenye kompyuta bila kumwomba mtu ruhusa. Alisema lori na kompyuta ni ndugu, vyote viwili ukivitumikisha vinachemka. Na kujisifu, jamani! Akitengeneza hata waya wa simu, bureau yetu nzima lazima isikie, mpaka mlinzi wa getini. Unyenyekevu hakuwahi kuusumbua.

Wageni wetu nao waijue Lufira. Ni kompyuta kubwa ya mezani, tuliyoipa jina la mto kwa sababu ina maji tumboni. Kazi yake ni kupiga hesabu ya kuta za mgodi, ukuta upi umeanza kulegea, ili watu walio chini waondolewe mapema. Hesabu hizo ziliichemsha mpaka inazimika, hasa mwezi wa kumi, joto linapokaba kabla ya mvua. Feni za kawaida zilishindwa. Papa Athanase akatangaza kwamba ataipoza kwa maji, kama lori. Tulimwona amerukwa na akili. Maji na courant, yaani umeme, ndani ya sanduku moja, na mwanaume mzima anatabasamu!

Radieta ilipofika, ikawa ndefu kuliko nafasi. Ukiiweka juu, inagonga kadi za kumbukumbu na kifuniko hakifungi. Ukiiweka mbele, inazuiwa na vizimba vya diski. Mwingine angeirudisha dukani. Yeye alichukua katoni ya sabuni, akakata radieta ya karatasi yenye kipimo kilekile, na unene wa feni juu yake, akaijaribu kila pembe kabla ya kugusa bisibisi. Siku nzima tulimtazama mtu mzima akicheza na katoni. Kesho yake akaja na msumeno wa chuma, akakata vizimba, akazihamishia diski chini, na radieta ikaingia mbele bila kulazimishwa. Ndivyo alivyofanya kazi zake zote: katoni kwanza, chuma baadaye.

Mbele ya feni akavuta soksi ya nailoni, izuie vumbi letu jekundu. Soksi yenyewe ilikuwa ya mke wake, Mama Suzanne, ambaye alikuja hadi bureau kuuliza nguo yake inatafuta nini ndani ya mashine ya watu. Alinunuliwa mpya. Lakini tangu siku ile, kila akipita kutusalimu, alimuulizia Lufira kama mtu anavyomuulizia mke mwenzake, na Papa Athanase alikuwa anajificha nyuma ya kabati.

Kuijaza maji nako kulikuwa na sheria. Maji ya betri tu, yale safi yasiyo na kitu ndani yake. Si ya bomba, si ya kisima, si ya chupa ya dukani. Akaweka karatasi ya choo chini ya kila kiungo, akaiwasha pampu peke yake, akawa anaiinamisha mashine huku na huku kama mama anayemcheulisha mtoto, mpaka hewa yote ikatoka. Karatasi zilibaki kavu. Lufira ikafanya kazi miaka saba bila kudondosha tone, ikiivumilia courant ya bwawa la Mwadingusha inayokuja na kuondoka inavyotaka. Aliyethubutu kuweka kikombe cha chai juu yake alitukanwa yeye na ukoo wake.

Furaha niliyoombwa inaishia hapo.

Mwezi wa kumi uliopita, Papa Athanase alikuwa Kambove kwenye kilio cha dada yake mkubwa. Maji ya Lufira yalikuwa yamepungua kidogo, jambo linalotokea kila mwaka wakati wa joto, na mashine ikaanza kulia. Chupa ya maji ya betri ilikuwa kwenye kabati, na kila mtu wa bureau anaijua. Mkurugenzi alishikwa na hofu. Ukuta wa mashariki ndio uliokuwa unapigiwa hesabu, na watu walikuwa chini yake. Hofu hiyo siilaumu, hata mimi nilikuwa nayo. Badala ya kufungua kabati, alifungua droo yake, akatoa chupa ya maji ya baraka ya Pasaka, yale yanayobarikiwa pamoja na chumvi. Akafungua tangi la Lufira, akamimina yote, akafanya ishara ya msalaba. Sote tulikuwepo. Mashine ikanyamaza, ikapoa, hesabu ikaisha, na watu wakapanda juu wazima. Tuliimba siku ile.

Mimi ni Mukatoliki, binti wa katekista. Maji ya baraka yako mlangoni mwangu, na kila mtoto wangu anapita hapo kabla ya kwenda shule. Lakini chumvi ni chumvi, hata abariki askofu. Ilianza kuitafuna shaba ya radieta polepole. Kabla ya Noeli kiungo kimoja kikaachia, maji yakamwagika juu ya kadi, na Lufira ikafa. Papa Athanase aliifungua mbele yetu. Akakuta ukoko wa kijani umezunguka viungo, akaugusa kwa kidole, akauonja: chumvi. Akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama dirishani.

Ripoti iliyotoka juma lililofuata ilisema kosa ni la fundi, kwamba radieta ilifungwa vibaya. Ilifungwa vibaya ikakaa miaka saba bila kuvuja? Loo, aibu gani hii! Mtu amemimina chumvi kwa mkono wake mwenyewe, mchana, mbele ya watu wake wote, halafu anaandika kwamba ni mwingine. Angalisema tu, “Niliogopa, nikamimina nilichokuwa nacho,” nani kati yetu angemcheka? Watu walitoka chini wazima. Tungemsamehe siku hiyohiyo na kumpigia makofi.

Na Papa Athanase hakuipinga ripoti. Nilimfuata kwenye chumba chake cha kazi, nikamgombeza kama mtoto. Jibu lake nalileta kama alivyolisema: “Mama Aimée, miye sitashitaki muntu juu ya mayi ya baraka. Batasema nini ku misa?” Basi katika hasira yangu wewe pia una fungu lako, Papa Athanase. Kwa kikombe cha chai unafufua mababu wa watu uwatukane. Jina lako linapakwa matope, unakuwa mwana-kondoo! Upole huo ulijifunza lini? Mungu hakukutuma ubebe uongo wa mtu kwa ajili ya kuyalinda maji yake.

Maana si neno la ripoti tu. Masista wa shule ya ufundi wanamtaka awafundishe wasichana wao kuunda na kupoza kompyuta, kuanzia mwezi wa tisa. Anaingojea kazi hiyo kuliko anavyoingoja keki ya leo. Ameshawakatia wasichana wale katoni za mazoezi, zimejaa sebuleni mpaka Mama Suzanne hana pa kuketisha wageni. Masista wameomba kitu kimoja tu, cheti cha kazi. Na cheti nilichoamriwa kukichapa kinasema, kwenye mstari wa mwisho, kwamba katika mwaka wake wa mwisho Athanase Mukendi aliharibu mali ya kiwanda kwa uzembe. Mama mkuu wa masista ameniambia waziwazi kwamba mtu mwenye mstari huo hawezi kumpa darasa. Waliotutangulia walisema la kuvunda halina ubani. Basi wimbo, keki na hotuba tamu havitaufunika mstari huo.

Papa Athanase, kwa niaba ya wote waliotoka chini ya ukuta wa mashariki, na wote uliowatukana kwa sababu ya chai, asante. Umetufundisha kupima kabla ya kukata. Mungu akupe miaka mingi yenye afya, nyumba yenye kicheko, na wanafunzi wabishi kama wewe. Uishi vizuri, baba. Nakuomba kitu kimoja tu, leo usimwombee mtu yeyote radhi, na usisimame kusema kwamba yamekwisha.

Kwa mujibu wa programu, baada ya wasifu Mkurugenzi anasimama kumkabidhi mstaafu cheti chake. Mezani pake nimeweka vyeti viwili, vyote vimepigwa muhuri. Kimoja kina mstari ule. Kingine hakina. Mama mkuu wa masista amekaa safu ya kwanza, na programu hii anayo mkononi kama sisi wote. Papa Ghislain, kalamu iko kulia kwako. Weka sahihi, tunaangalia.