Bwana Kwanini na Ini Lenye Makovu

Marehemu mdogo wangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa pili kati ya watatu. Mimi dada yake ndiye niliyembeba mgongoni, kwa hiyo maswali yake nayajua tangu hajaota meno. Alianza shule mwaka 1968, na muhula haukuisha kabla walimu hawajambatiza jina la Bwana Kwanini.

Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1981, akawa fundi wa friji. Friji ikipona haikutoka karakana mpaka ajue iliharibikaje. Mwaka 1987 alipata jiko. Wifi yangu husimulia kwamba alipokuja kujitambulisha kwao, wazee walimkuta ameinama nyuma ya friji yao iliyokuwa ikinguruma. "Nikasema huyu kaja kutengeneza, si kuoa!" Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2018 alikutwa na homa ya ini aina ya C, na kitinda mimba wetu naye hivyo hivyo. Ujanani walinyoana kwa wembe mmoja. Daktari alisema huenda ndiko ilikopita. Maini yote mawili yalikuwa yameshakakamaa kwa makovu. Wakameza vidonge, virusi vikaisha, tukashangilia. Daktari akawaonya: makovu yamebaki, na humo saratani inaweza kuota hata virusi vikiwa havipo. Waje kila miezi sita, ini litazamwe kwa ultrasaundi.

Jamani! Mtu aliyeuliza kila kitu duniani, hilo hakuliuliza. "Tundu limezibwa, gesi haivuji, nikapimwe nini tena?" Mdogo wake akaitikia, wote wakaacha kwenda. Niligomba mpaka sauti ikanikauka.

Machi mwaka huu tumbo la marehemu lilijaa maji, tukampeleka kwenye ultrasaundi. Safari hii aliomba ageuziwe skrini.

"Huo mduara ndio saratani yenyewe?"

"Ndio, mzee."

"Ungeonekana ukiwa mdogo?"

"Ungekuja, tungeuona."

"Kumbe," akasema, akaendelea kuutazama.

Tangu hapo alimkalia mdogo wake kooni. "Kaka, mimi siumwi popote," mdogo akapiga chenga. "Hata mimi sikuumwa," akamjibu. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, mimi, na kitinda mimba wetu. Nawasikia mnanong'ona: kwa nini hakuja kumzika kaka yake? Hawakugombana. Wiki iliyopita alikwenda kupimwa, ili tu mgonjwa aridhike. Wamekuta kivimbe, kidogo bado, na daktari anasema kinatibika. Marehemu aliambiwa Jumatatu. Alilia kwa furaha, akasema, "Msimngojeshe kwa ajili yangu." Upasuaji ni leo, saa hii hii tunapozika.

Tumwombee aliye mezani kwa madaktari. Nawe, mdogo wangu, pumzika kwa amani.