Kiambaza Kisichofika Juu: Maisha ya Rispa Kahaso wa Tsuma

Yamesomwa na shemeji yake, Karisa wa Ngumbao, kaburini Kisauni, Alhamisi tarehe 10 Machi 1949

Tunayemzika leo ni Rispa Kahaso, mke wa Charo wa Ngumbao, mama yake Kafedha. Na isemwe mapema, maana mtaa wetu ni nyumba tisa na hakuna asiyejua: marehemu alikuwa mwoga. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa hata jogoo wa mzee Ishaka, ambaye kusema kweli alistahili kuogopwa. Uoga wake tuliucheka sana. Leo hatutaucheka.

Alizaliwa mwaka 1912 karibu na Kaloleni, mtoto wa tatu wa mzee Tsuma na mama Jumwa. Alisoma shule ya misheni miaka mitatu. Biblia aliisoma yote isipokuwa Ufunuo. Akifika kwa yule mnyama wa vichwa saba, alifunga kitabu akaenda kuchota maji.

Tarehe 22 Desemba 1934 alifunga ndoa na Charo, kuli wa bandarini, wakaja kukaa huku Kisauni, upande wa Magogoni. Siku ya kwanza kuvuka daraja la Nyali, lile linaloelea, alifumba macho akang'ang'ania shati la mumewe hata likachanika begani. Charo alikataza lisishonwe. Akiulizwa, alijibu, "Hii ndiyo pete yangu."

Kazi yake ilikuwa kushona makuti. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mapaa mengi ya Kisauni ameyashonea yeye. Kafedha alizaliwa Februari 1939. Mwaka uliofuata, vita vilipofika kwetu na king'ora kikalia, Kahaso alikimbilia shimoni amekumbatia mtoto, akimwombea kwa machozi. Kufunua kanga, kumbe ni mto wa kulalia! Kafedha alikutwa kizingitini anakula embe bichi.

Nyumba yao ilikuwa nusu ya nyumba moja. Nusu ya pili alikaa Mwanakheri, mjane, mwenyeji wa Likoni, na bintiye Dhahabu, aliyekuwa rika moja na Kafedha. Katikati palikuwa na kiambaza cha udongo kisichofika juu, kama nyumba zetu nyingi. Mkikohoa huku, wanasikia kule. Na walioshiriki kiambaza wana adabu yao: la jirani utalisikia, lakini hukulisikia. Charo na mkewe waligombana siku moja kwa sababu ya mchuzi usio na chumvi. Asubuhi Mwanakheri akawauliza, "Mwalala salama?" wakajibu, "Salama," na mlangoni wakakuta kifurushi cha chumvi. Neno halikutajwa. Lakini adabu hiyo ina mpaka: ukiitwa kwa jina, waitika.

Agosti 1944 ndui iliingia mtaani. Jamani, ile hofu msiisahau! Kila mtu alimtazama mwenzake usoni akitafuta kipele. Dhahabu ndiye aliyeanza. Wakubwa wa nyumba wakakutana, wakakubaliana nyumba yenye mgonjwa isikanyagwe, na mwenye nyumba hiyo asiguse ndoo ya kisima. Mimi Karisa nilikuwapo, nami nilikubali.

Jumatatu tarehe 14, baada ya adhuhuri, Charo yuko kazini, Kahaso amekaa chini na Kafedha mapajani. Mtungi umejaa. Sauti ikapita juu ya kiambaza: "Mama Kafedha! Mama Kafedha, mwanangu aungua. Nipe maji, hata kata moja. Yaweke mlangoni tu."

Kahaso hakuitika. Alimziba Kafedha mdomo kwa kiganja, akajiziba na yeye kwa ncha ya kanga. Aliona akiinuka tu, ndui itamrukia mwanawe. Aliitwa mara tatu. Mwisho alisikia mlango wa jirani ukifunguliwa, na Mwanakheri akienda zake mbali, kwenye dimbwi wanakonyweshea ng'ombe.

Dhahabu alifariki Jumatano tarehe 16. Huenda kata ya maji isingemponya. Waganga husema ndui ikiamua imeamua. Kahaso hakuwaamini. Siku arobaini zilipopita, alikwenda kutoa pole, akasema, "Dada, siku zile sikuwapo. Nilikuwa nimempeleka mtoto Kaloleni." Mwanakheri akamjibu, "Haya."

Tangu hapo, kila asubuhi kwa miaka minne na zaidi, Kahaso alipeleka mtungi wa maji mlangoni kwa Mwanakheri. Mvua, jua, hata alipokuwa na mimba ya mwanawe wa pili, Ngumbao, mwaka 1946. Mtaa ukamsifu. Mhubiri alimtaja kanisani kuwa ni mfano wa jirani mwema, naye akatoka katikati ya ibada akatapika nyuma ya ukuta. Tulidhani ni mimba. Kumbe kila sifa ilikuwa ikimtia hofu upya. Katika nyumba tisa, ni nani asiyejua kama siku ile alikuwa Kaloleni au hakuwa? Akiona wanawake wawili wananong'ona kisimani, aligeuka akarudi na ndoo tupu. Akisikia Mwanakheri anakohoa upande wa pili, alingoja neno litakalofuata. Hofu ya mnyama ilikuwa na dawa, funga kitabu. Hii haikuwa na pa kufungia.

Julai mwaka jana alianza kukohoa damu. Daktari alisema ni kifua kikuu. Kahaso akamwambia Charo, "Sasa zamu yangu. Nitaita, na hakuna atakayeitika." Na kweli, tusidanganyane mbele ya jeneza, wengi wetu tulianza kupita njia ya mbali. Aliyeingia ni Mwanakheri. Alimfulia, akamtemesha, akamkorogea uji. Na kadiri alivyotendewa wema ndivyo Kahaso alivyozidi kutetemeka, hata Charo akadhani ni homa.

Jumapili iliyopita, tarehe 6, alishindwa kuvumilia. Alimshika Mwanakheri mkono akasema, "Dada, nitakufa nikikuogopa. Siku ile sikwenda Kaloleni. Nilikuwapo. Nilikusikia."

Tarehe 8 Machi, Jumanne, saa nne asubuhi, alikata roho kwake, mkono wake mkononi mwa Charo. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na saba.

Ameacha mume, Charo. Watoto, Kafedha na Ngumbao. Mama yake, Jumwa. Na ndugu watatu. Ameacha pia Mwanakheri, ambaye ametaka jina lake lisomwe pamoja na ndugu, na ndugu wameridhia. Ni yeye aliyeagiza yote haya yasomwe. Alisema, "Asizikwe na uongo, utamlemea." Na jibu alilompa marehemu Jumapili ile ameliandikisha mwenyewe, neno kwa neno:

"Mama Kafedha, mimi nalijua. Kiambaza kile hakifiki juu. Siku ile nalikusikia walia. Mwaka mzima maji yako nalikuwa nikiyamwaga. Kisha asubuhi moja nalikuwa na kiu, nikayanywa. Tangu hapo nayanywa. Lala, mwanangu, hapana wa kumwogopa humu."

Charo anasema mkewe alilala mpaka jioni bila kutetemeka.

Mungu ampe usingizi kama ule.